Mapichi yasiozee chini ya mti

Mwezi wa kwanza, ukipita vijijini huku Njombe, unakanyaga mapichi. Yameangushwa na mvua ya usiku, nzi wameyazingira, na mwenye mti anakwambia, "Chukua tu, yataoza haya." Inaniuma kila mwaka, kwa sababu mwezi wa saba, baridi inapouma, watoto wa nyumba hiyohiyo wanakunywa uji mtupu.

Si kwamba hatujui kukausha. Mboga tunaanika, uyoga tunaanika. Shida ni kwamba mapichi yanaiva mvua zikiwa zimekolea, kwa hiyo ule ushauri wa "anika juani siku tatu" hautufai. Mwaka wa kwanza nilianika juu ya bati. Mchana ukungu ukashuka nikiwa shambani. Kesho yake vipande vinateleza, keshokutwa vimeota kuvu. Nilimwaga ndoo mbili.

Ndiyo maana nasema kila nyumba yenye miti ya matunda iwe na kaushio lake. Ni sanduku la mbao tu, ndani limepakwa rangi nyeusi, juu limefunikwa nailoni inayopitisha mwanga. Toboa matundu chini upande wa mbele na juu upande wa nyuma, hewa kavu iingie, yenye unyevu itoke. Usiyazibe hata kidogo, la sivyo matunda yatachemka kwa jasho lake yenyewe. Kwenye trei tandika neti ya plastiki. Waya wa mabati hapana, maana asidi ya tunda inakula zinki, na chandarua chenye dawa kisiguse chakula kabisa.

Kata vipande vya nusu sentimita, vyote unene mmoja, uvichovye kwenye maji ya ndimu visiwe vyeusi. Kilichokauka kinakunjika kama ngozi, na ukikiminya hakitoi maji. Pichi karibu lote ni maji, kwa hiyo usishtuke kilo 10 zikibaki kilo moja na kidogo.

Kinachowaponza wengi ni haraka ya kufunga. Weka kwanza kwenye chupa ya kioo, usiijaze, utikise kila siku kwa wiki nzima. Ukiona umande ndani ya kioo, rudisha kwenye kaushio siku hiyohiyo.

Najua siku hizi habari ni parachichi, Njombe hadi Rungwe, na siwalaumu wanaolipanda, linasomesha watoto. Lakini parachichi lina mafuta mengi, huwezi kulikausha hivi ukaliweka. Msimu wake ukipita umepita. Pichi lililokaushwa vizuri linakaa miezi.

Mzee jirani yangu anataka kukata mapichi yake mawili apate nafasi ya parachichi. Juzi nilimpelekea kopo la mapichi makavu, tukala tukiota moto. Nimemwomba asikate mpaka mwezi wa kwanza upite. Kaushio nitamwazima langu.