Acheni Kuhusudu Projekta: Kiingereza cha Sekondari, England na Mombasa

Walimu wa nyumbani Mombasa wakituuliza sisi tulioko England namna Kiingereza kinavyofundishwa huku, swali la kwanza huwa la vifaa. Ndiyo, vipo: projekta ukutani, printa ya kutoa nakala 30 kabla kengele haijalia. Lakini mwalimu wa huku ukimwambia achague, abaki na projekta au abaki na darasa lake dogo la watoto 28, projekta itauzwa siku hiyohiyo. Pigeni hesabu. Kipindi cha Mombasa ni dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 50, na kila mmoja asimame aseme huku wenziwe wakisikiliza, kila mtu atapata sekunde 48, tena mwalimu mwenyewe awe bubu. Huku kipindi mara nyingi ni saa nzima, basi mtoto hupata dakika mbili na kidogo. Hizo nazo hazimfundishi mtu kusema.

Kwa hivyo mimi hupima zoezi kwa swali moja: midomo mingapi iko wazi kwa wakati mmoja?

Chukua mjadala, ule wa watetezi wawili na wapinzani wawili, unaopendwa sana nyumbani. Wanne wanachuma, arubaini na sita wanasinzia chini ya pangaboi. Wapange safu mbili zinazotazamana, 25 kwa 25, kama watu waliokaa barazani pande mbili za kichochoro cha Mji wa Kale. Hoja iwe ya karibu: tuktuk ziondolewe katikati ya mji au zisiondolewe? Safu ya kwanza inatetea sekunde 60, ya pili inajibu sekunde 60, kisha safu ya kwanza inasogea nafasi moja kulia na wa mwisho anazunguka kuja mwanzo. Mizunguko sita ni dakika 12, na kila mwanafunzi amesema dakika sita kamili. Kufikia mzunguko wa tatu hoja imeanza kunyooka, maana keshaisema mara mbili na ameiba neno moja zuri kwa mwenzake.

Panapoharibika ni hapa. Sauti 25 chini ya bati ni ghasia, na mwalimu wa chumba cha pili atakuja juu. Tokeni chini ya mwarobaini, vipindi vya asubuhi, kabla jua halijakaza. La pili, mzunguko wa kwanza watateleza warudi kwenye Kiswahili, si kwa utundu bali kwa kukosa maneno ya kushikia hoja. Andika ubaoni vianzio vitano, kama 'I see your point, but…' na 'That may be so, yet…', ufute kimoja kila mzunguko ukiisha. Mzunguko wa sita ubao uko mtupu.

Zoezi ambalo huku linatumika na linaifaa Mombasa kuliko huku ni imla ya kukimbia. Mwalimu anaandika kifungu cha maneno 80 hadi 100, anatoa nakala nne, anazibandika ukutani nje ya darasa, mbalimbali. Wanafunzi wanakaa wanne wanne, makundi mawili yawe na watano, jumla makundi 12. Kila nakala inahudumia makundi matatu. Mmoja anakwenda kusoma, anarudi na kipande kichwani, anamsomea mwandishi. Wa tatu anaangalia tahajia, wa nne nukta na herufi kubwa. Kila dakika mbili wanabadilishana. Dakika tano za maelezo, 15 za kukimbia, 12 za kusahihisha, nane zilizobaki waandike sentensi zinazofuata kwa mawazo yao.

Ukibandika nakala moja tu, mlangoni patajaa kama kivuko cha Likoni saa moja asubuhi. Kifungu kikizidi maneno mageni matano, anayekwenda atarudi na herufi badala ya maana, na zoezi litakuwa la kukariri tu. Usipowabadilisha kwa saa, mwenye mwandiko mzuri ataandika peke yake mpaka mwisho.

Lakini uhondo wenyewe uko kwenye kusahihisha. Ukutani pameandikwa: 'The ferry leaves the ramp when the last car has been parked.' Mwanafunzi anaisoma mara mbili, anavuka kibaraza, anafika kwa mwandishi nayo: 'Ferry leaves ramp when last car has been parked.' Kitenzi kigumu kile cha mwisho kimefika salama, na 'the' zote tatu zimeanguka njiani. Hakuna uzembe hapo. Alichobeba kichwani ni maana, na kwa Kiswahili "kivuko kinaondoka" hakidai kitu mbele ya kivuko. Waambie wahesabu 'the' zilizopotea kwa kila kundi, waandike idadi ubaoni, kisha waulize zilipotelea wapi. Hapo somo la sarufi limejifungua lenyewe, na darasa linajua Kiswahili vya kutosha kulielewa. Mwalimu wa huku, mwenye watoto wa lugha kumi na mwenyewe anajua moja, hana bahati hiyo.

Ndiyo maana kile kibao cha adhabu cha kumvisha mtoto aliyesema Kiswahili shuleni kinaniudhi. Mnamfungia mwanafunzi kipimo alichonacho mkononi.

La vifaa niseme moja, kwa kuwa huku vibao vidogo vyeupe vya kufutika vinasifiwa, na haki yake. Kila mtoto anaandika jibu, anakigeuza chini, mwalimu anahesabu mpaka tatu, vyote vinainuka pamoja. Bila kuhesabu wanachunguliana. Nyumbani tia karatasi nyeupe ngumu ndani ya mfuko wa plastiki wa faili, na kitambaa kikuukuu cha kufutia. Kalamu za ubao mweupe zifunikwe kila baada ya neno. Kwa joto la Mombasa zikiachwa wazi hukauka upesi.

Mitihani nayo isitupumbaze, pande zote mbili. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kwa Kiingereza ina alama 200 kwa karatasi tatu, na 30 kati ya hizo, katika karatasi ya kwanza, ni za stadi za kuzungumza, ila zinajibiwa kwa kalamu! Mtoto anaandika namna ya kupokea simu bila kufungua mdomo. England wanasimama kweli na kuhutubia, lakini tangu mitihani ya 2017 hotuba hiyo ya GCSE, mtihani wa taifa wa sekondari huku, inapewa daraja lake pembeni, haiongezi hata alama moja kwenye gredi. Basi shule nyingi huimaliza haraka na kurudi kwenye insha za hoja, ushahidi, maelezo, aya zote zimefanana kama matofali. Sasa kwa kuwa gredi ya 10, darasa la kwanza la sekondari ya juu katika mtaala mpya, imeanza nyumbani Januari 2026, ni wakati mwafaka wa kuzungumza kuhesabiwe kama kuzungumza.

Na matamshi? Mtoto wa pwani ana mtaji. Anayesema "thelathini" na "dhahabu" bila taabu ana sauti za 'think' na 'that' tangu nyumbani. Kinachomshinda ni irabu, maana Kiswahili kina tano tu. Zoezi lake ni dakika tano: andika 'ship' upande wa kushoto wa ubao, 'sheep' upande wa kulia. Mwanafunzi mmoja, mgongo kwa darasa, anatamka moja, wote wananyoosha mkono upande waliousikia. Wakigawanyika, asiwalaumu wao. Anatamka upya, polepole, mpaka mikono yote ielekee upande mmoja.