AK si ya kuchekewa jamani

Idd mosi tulipeleka watoto Makadara kama kawaida yetu, bembea, viazi karai, vumbi mpaka puani. Mtoto wa dadangu kanunuliwa bunduki ya plastiki, na si zile za maji tulizozoea, ni AK kamili, ile bunduki ya kivita ya Kirusi, na magazini yake iliyopinda, yalia tatatata na kutoa taa nyekundu. Baba mtu apiga picha, "wallahi huyu ndo dume!" Nikanyamaza kwa heshima ya sikukuu, leo nasema.

Yaani sisi wa Mombasa, tulioona Likoni 1997 kituo cha polisi chavamiwa, askari wauawa na silaha zabebwa, ndo twachekea bunduki?

Mashabiki watakwambia AK haikwami, itie matope, itie mchanga, bado yafanya kazi, hata asiyesoma aijua kwa siku moja. Sawa, kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini hapo hapo ndo balaa lenyewe. Friji ukinunua leo kesho kutwa fundi akwambia tafuta nyingine, lakini hii kitu jeshi la Usovieti liliipokea 1949 na zile za zamani bado zaua watu. Idi Amin wa Uganda alipoanguka 1979 ghala la silaha la Moroto huko huko likaporwa, Wakaramojong wakajibebea, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi mpaka huku kwetu Turkana na Pokot. 1991 rais Siad Barre katoroka, maghala ya Somalia nayo yakabaki wazi. Wakubwa wasaini amani hotelini wakala biriani, bunduki haina habari, yangoja mwenyewe mpya.

Na Wachina wakatoa yao, Type 56, na wengine wengi tu, mpaka hesabu inayotajwa sana ni kama milioni 100 duniani. Mzee Kalashnikov mwenyewe, aliyeibuni hii AK, karibu na kufa kwake 2013 aliliandikia kanisa la Urusi barua akiuliza kama vifo vile ni dhambi yake. Yeye hakulala, sisi twapiga selfi.

Haya, Msumbiji wameiweka kwenye bendera na siwalaumu, Mreno hakuondoka kwa kuombwa. Hilo nawapa, shingo upande. Ila Mreno kaondoka 1975 wakauana wenyewe mpaka 1992, na toka 2017 Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yawaka tena. Wale Wamwani wa pwani ya huko ni ndugu zetu, ukimsikiliza mmoja akizungumza waelewa maneno mengi tu, na wamekimbia vijiji vyao kwa ajili ya vijana waliobeba hiyo hiyo AK ya kwenye bendera.