Mama Mgonjwa na Viza ya Matembezi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Birmingham alinipigia simu usiku. Baba yake yuko Newala, Tanzania, ana saratani ya koo, na ndugu wameshakaa kikao wakaamua aletwe Uingereza kwa viza ya matembezi. "Akishafika hawawezi kumwacha afe," aliniambia. Alitaka nimpe ile barua ya mwaliko niliyomwandikia mama yangu mwaka 2019, aige maneno. Barua ninayo bado, lakini nilikataa kumpa. Naandika sababu zangu hapa kwa urefu kwa sababu najua wenye wazo kama lake ni wengi.

Barua ile ilisema mama anakuja kuwaona wajukuu zake. Ilikuwa kweli, ila nusu. Figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka kwa presha ya miaka mingi, miguu imevimba mpaka kandambili hazipiti. Hilo hatukulitaja popote. Tulijipa moyo kwamba Mungu mkubwa, akitua tu tutajua la kufanya. Wiki ya tano aliamka usiku wa manane akihema kama aliyekimbizwa, tukaita gari la wagonjwa.

Hapa ndipo tunapodanganyana sana sisi tulio huku. Idara ya dharura ni kweli haimtozi mtu, awe mgeni au mwenyeji. Lakini mgeni akishapandishwa wodini hesabu inaanza, na kwa mtu aliyekuja kutembea kutoka nchi kama yetu hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, hutoza asilimia 150 ya bei yao ya kawaida. Matibabu ya haraka hawamnyimi mtu kwa kukosa hela. Watamtibu, watamsafisha damu, kisha ankara itafuata. Yasiyo ya haraka, tangu Oktoba 2017, unalipa kabla hujaguswa. Kifua kikuu na VVU havitozwi, lakini figo na saratani havimo kwenye orodha hiyo. Deni likifika pauni 500 na miezi miwili ikapita bila kulipwa wala kupangiwa utaratibu, taarifa inaweza kufika Uhamiaji, na mgonjwa akiomba viza tena anaweza kunyimwa kwa sababu hiyo tu. Bima ya safari nayo, kwa kawaida, hailipii ugonjwa uliosafiri nao bila kuutaja.

Siku ya pili wodini alikuja mtu wa ofisi inayoshughulikia wagonjwa wa kutoka nje. Hakuwa mkali hata kidogo. Alivuta kiti, akaweka karatasi juu ya ile meza ya magurudumu ya kulia chakula, pembeni ya bakuli la uji ambao mama hakuugusa, akawa ananionyesha makadirio kwa kidole, mstari mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa amejitanda khanga yake juu ya blanketi la hospitali. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu anasemaje?"

Mkalimani ni mimi. Nikamwambia, "Anauliza kama umelala vizuri."

"Alhamdulillahi. Mwambie namshukuru."

Nikamgeukia yule mtu, nikamwambia tumeelewa.

Siku tisa zilizaa deni la pauni 11,000 na ushei. Nimelilipa kwa mafungu kwa miaka minne, na wakati huo mdogo wangu alisimamisha chuo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namlipia ada. Lakini usiku ninapokosa usingizi sikumbuki zile hela. Nakumbuka mama akimshukuru mtu aliyekuja kumtajia bei ya kitanda.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sitaurembesha: mgonjwa wa ugonjwa mkubwa asisafirishwe kwa kuficha. Ugonjwa uandikwe kwenye fomu. Sheria ya Uingereza inamruhusu mgeni kuja kutibiwa kwa kulipa mwenyewe katika hospitali binafsi, hata kwa miezi 11, akiwa na barua ya daktari wa huku inayotaja ugonjwa, gharama na muda wa matibabu, pamoja na ushahidi kwamba fedha zipo. Marekani nayo viza yake ya B-2 inapokea wagonjwa kwa masharti yanayofanana na hayo. Wengi wetu fedha hizo hatuna, nalijua hilo vizuri. Lakini anayeingia kama mtembezi haruhusiwi kuja kwa nia ya kutibiwa na NHS, wala hawezi kuigeuza viza hiyo kuwa ya kuishi akiwa humu ndani. Na ikigundulika kwamba maombi yalikuwa na udanganyifu, anaweza kufungiwa miaka 10. Mzee wa miaka sabini akifungiwa miaka 10, amefungiwa moja kwa moja. Hatauona ubatizo wala harusi ya mjukuu yeyote huku.

Silitetei hata kidogo dola lililotunga masharti haya. Ipo njia ya kumleta mzazi anayehitaji kutunzwa, lakini tangu Julai 2012 wameibana mpaka imebaki jina. Unatakiwa uthibitishe kwamba mzazi hawezi shughuli zake za kila siku bila msaada, halafu uthibitishe kwamba huduma hiyo haipatikani kwao, au haimuduki hata wewe ukituma hela. Ukiwa na uwezo wa kumtunza huku, wanakuambia tuma hela umwajirie mtu huko. Ukiwa huna uwezo, wanakuambia utamtunza kwa kitu gani? Ninalipa kodi katika nchi hii na sheria hiyo inaniuma. Nimeshamwandikia mbunge wangu mara mbili, na nitaandika ya tatu. Hasira yangu hiyo, hata hivyo, haimpi mama yangu figo.

Na huko nyumbani si kama tulivyopaacha. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Wenye saratani wanayo Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ambako hata mgonjwa asiyeweza kupona hupewa tiba shufaa, dawa ya mofini ya kunywa ili angalau asilie kwa maumivu. Foleni ni ndefu, dawa nyingine unanunua mfukoni, yote hayo kweli. Ikishindikana kabisa, India inatoa viza ya mgonjwa inayoitwa hivyo waziwazi, na msindikizaji wake anapata ya kwake. Hakuna anayelazimika kusema anakwenda kutembea.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye vikao vya familia watu hulikwepa. Mama alinisemea mwenyewe, siku ya saba, sauti chini: "Nikifa huku nitazikwa na nani?" Aliyewahi kuchangisha hela za kusafirisha maiti kutoka Ulaya anajua swali hilo lina uzito gani. Sisi huzika siku ileile. Huku unasubiri vibali huku simu zikimiminika kutoka Tanga zikiuliza mtawasili lini.

Yule kijana nilimuuliza, mzee mwenyewe anasemaje? Akanyamaza. Kikao kilikuwa kimekaliwa na watu wa nchi nne kwa simu, na mgonjwa hakuwa mmoja wao.

Mama tulimrudisha alipopata nafuu. Alikaa kwa dada Mbagala, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kwa zile nauli mbili nilizokuwa nimepanga kuwaletea shangazi zangu baadaye, nilikwenda mimi. Wiki tatu nilikaa naye pembeni ya mashine, saa nne kila kikao, akinihadithia mambo ya ujana wake ambayo sikuwahi kuyasikia. Siku moja akaniambia, bila kunitazama, kwamba yule mtu wa hospitali ya kule hakuwa akiuliza habari za kulala.

"Ulijuaje?"

"Nimeuza samaki soko la Deep Sea, Tanga, miaka thelathini, mwanangu. Kizungu sikijui, lakini tarakimu nazisoma. Nilizisoma zote."