Michungwa Chotara ya Kuhimili Baridi: Je, Ilishindwa?

Baridi kali iliipiga Florida mnamo Desemba 1894, kisha ikarudi Februari 1895, miti ikiwa imekwisha kuanza kuchipua tena, na karibu mashamba yote ya machungwa ya jimbo hilo yakaangamia. Hasara hiyo ndiyo iliyowasukuma Walter Swingle na Herbert Webber, wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, kuuchavusha mchungwa mtamu na ponsirusi, mti wa China wenye majani ya vipande vitatu, ambao hupukutisha majani yake msimu wa baridi na kustahimili hadi nyuzi 20 hivi chini ya sifuri. Miti chotara iliyopatikana iliitwa sitrenji.

Wanaosema kwamba juhudi hizo zilishindwa wana hoja nzito. Sitrenji huhimili baridi kuliko mchungwa wowote mtamu, lakini tunda lake lilirithi uchungu wa ponsirusi. Isitoshe, ustahimilivu huo hutegemea mti kuwa umelala: siku chache za joto katikati ya msimu wa baridi zikiuamsha, unaweza kupatwa na yaleyale ya Februari 1895. Muuza miche anayetaja nyuzi peke yake bila kueleza jambo hili anamnyima mnunuzi nusu ya habari.

Hata hivyo, naona hukumu hiyo inaupima mti kwa tunda tu. Mkulima wa Muheza anayebebesha mchungwa juu ya shina la mlimau anajua kwamba shina la chini lina kazi yake. Sitrenji za Carrizo na Troyer zimekuwa mashina muhimu ya kubebeshea, sawa na shina liitwalo Swingle, chotara wa balungi na ponsirusi aliyechavushwa mwaka 1907 lakini akatolewa rasmi kwa wakulima mwaka 1974. Zinastahimili virusi vya tristeza, vilivyoua mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya midanzi huko Amerika Kusini, ingawa hazipendi udongo wenye chokaa nyingi.

Tangu ugonjwa wa kijani wa michungwa, maradhi ya bakteria ambayo ponsirusi huyastahimili zaidi, ugunduliwe Florida mwaka 2005, watafiti wameirudia nasaba ya ponsirusi, safari hii wakitafuta pia tunda la kuliwa. Kuchavusha tena na chungwa tamu hupunguza uchungu, lakini kunaweza kupunguza ustahimilivu pia, na kila mche hungojewa miaka kadhaa kabla ya tunda lake la kwanza kuonjwa.