Chagizo Lisiloondoleka

Tumezoeshwa darasani kipimo kimoja cha kutenganisha shamirisho (kinachotendwa au kutendewa) na chagizo (linaloeleza lini, wapi au vipi): ondoa neno, na sentensi ikibaki salama, basi ulichokiondoa kilikuwa chagizo. Nilikiamini kipimo hicho hadi nilipoanza kujifunza Kixhosa, lugha ya Kibantu inayozungumzwa hasa katika Rasi ya Mashariki na Rasi ya Magharibi nchini Afrika Kusini.

Kitenzi cha Kixhosa cha wakati uliopo kina maumbo mawili. Mtu anayekula husema *ndiyatya*, yaani "ninakula", lakini akiitaja nyama baada ya kitenzi husema *nditya inyama*, na ile *-ya-* hutoweka. Umbo hilo fupi haliwezi kufunga sentensi. Sharti lifuatwe na kitu kilichomo ndani ya kirai kitenzi, yaani kundi la maneno linaloongozwa na kitenzi. Hali ni hiyo hiyo katika wakati uliopita wa karibu, ambapo *ndihambile* ni "nimeondoka", na *ndihambe izolo* ni "niliondoka jana". *Izolo* ni chagizo cha wakati, hakuna atakayelibishia hilo. Lakini ukilifuta, *ndihambe* inayobaki si taarifa tena, bali husomeka kama "niondoke", na ili urudi kwenye taarifa inakubidi ukigeuze kitenzi chenyewe. Chagizo limeondolewa na sentensi imeharibika.

Badala ya kuuliza neno gani linaondoleka, naona ni afadhali tuulize kitenzi kinapokea nini ndani yake. Kwa Kixhosa, *ndibone umntwana* na *ndimbonile umntwana* zote zinahusu kumwona mtoto, ila katika sentensi ya pili kiambishi *-m-* kimeshika nafasi ya shamirisho, na nomino *umntwana* imesukumwa nje ya kirai kitenzi, ndiyo maana umbo refu limerudi. Sisi husema "nimemwona mtoto" na kuviweka vyote viwili pamoja bila tatizo, wala hatuna umbo refu la kutuonyesha mpaka wa kirai uko wapi. Hata hivyo, lugha zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: mtoto ana kiambishi chake ndani ya kitenzi, ilhali jana haina.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na mazoea ya kukiita "kwa kisu" shamirisho, eti shamirisho ala, yaani la chombo kinachotumika. Mxhosa husema *ndisika isonka ngemela*, "ninakata mkate kwa kisu", na hakuna kiambishi cha *imela* kinachoweza kuingia katika kitenzi hicho. Kilinganishe kisu na mama katika *ndiphekela umama ukutya*, "ninampikia mama chakula". Kimaana, kisu kinahitajika zaidi katika kukata kuliko mama anavyohitajika katika kupika, kwa kuwa mtu anaweza kujipikia mwenyewe. Lakini *-el-* ya kutendea, yaani ya kufanya jambo kwa ajili ya mtu, imemwingiza mama katika miliki ya kitenzi, na ndiyo maana *ndimphekela ukutya* ni sentensi sahihi. Kisu nacho hupata nafasi kama hiyo katika Kiswahili kitenzi kinaponyambuliwa, kama katika "kisu alichokatia mkate". Kikibaki nyuma ya "kwa", ni chagizo.

Kipimo cha kiambishi hakimalizi kila kitu. "Ninaishi Mombasa" haikubali kuwa "ninapaishi", hata kama tunasema "ninapajua Mombasa" bila shida, na bado ukiiondoa Mombasa unabaki na "ninaishi", sentensi inayosema kwamba ungali hai. *Ndihlala eMonti*, "ninaishi East London" (mji wa Rasi ya Mashariki), ina tabia hiyo hiyo: ukiondoa *eMonti* kitenzi hurefuka kuwa *ndiyahlala*, na msikilizaji anaweza kuelewa kwamba umeketi tu. Maneno ya mahali ya aina hii si shamirisho, lakini kuyatupa katika kapu moja na jana ni kuwanyima wanafunzi maelezo wanayostahili. Mimi ningeyaita vijalizo, yaani maneno yanayokamilisha maana ya kitenzi.