Kichupa cha watoto kumi

Wifi yangu anaishi Tandahimba, kusini mwa Tanzania. Msimu mmoja wa korosho alimbeba mwanawe wa miezi tisa kutoka shambani hadi zahanati, saa mbili kwa miguu, akachanjwe surua. Akaambiwa, "Mama, leo mko wawili tu, rudi Alhamisi." Alhamisi ndiyo siku ya kupima korosho chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima. Mtoto alichanjwa msimu ulipokwisha.

Nilimlaumu nesi, tena kwa ukali, mimi niliyekaa zangu Leicester na simu mkononi. Baadaye nikaelewa. Kichupa cha surua na rubela kina dozi kumi. Kikishachanganywa, zinazobaki baada ya muda wa saa sita hutupwa. Shirika la Afya Duniani linataka kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini nesi anayeogopa kuulizwa dozi zimekwenda wapi atasubiri watoto watimie.

Huku Uingereza mwanangu alifunguliwa kichupa chake peke yake. Ujumbe wa kukumbusha uliingia kwenye simu, tukatembea dakika kumi, basi. Hata wazee huitwa kila mwaka kuchanjwa mafua, na wengine huchanjiwa duka la dawa. Mama yangu kule Mtwara, ukitoa ile ya korona ya 2021, chanjo ya ukubwani aijuayo ni ya pepopunda, ya enzi za ujauzito.

Na bado huku surua imerudi! Mwaka 2024 England ilithibitisha wagonjwa zaidi ya 2,900. Wako wazazi wanaoogopa mpaka leo madai ya 1998 yaliyohusisha chanjo na usonji, ingawa jarida la Lancet liliufuta utafiti ule mwaka 2010. Mama mmoja tunayesubiri naye watoto shuleni huniambia "nitafikiria". Zahanati anaiona dirishani kwake.

Ndiyo maana nakereka nikisikia kwamba watu wa kusini wanahitaji elimu ya chanjo. Wapo wa kuelimishwa, sikatai. Lakini wifi yangu tarehe za kwenye kadi ya kliniki anazijua kwa kichwa. Anachohitaji ni huduma ya mkoba, yaani nesi atoke zahanati na chanjo zake, imfuate Oktoba hadi Desemba, siku ileile ya kupima. Uwanja wa chama cha msingi siku hiyo umejaa akina mama wenye watoto mgongoni, na foleni ya mizani haiendi haraka. Kumi watapatikana kabla ya saa tatu asubuhi.