Mbaraka Mwinshehe Ana Jina, Litajwe

Jumamosi iliyopita nilikuwa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nikisubiri gunia langu la dagaa lishonwe, redio ya kibandani ikapiga "Shida". Mama aliyekuwa akishona aliiacha sindano ikining'inia kwenye uzi, akalisikiliza gitaa la solo hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Hivi huyu ni nani, mwanangu?" Mtangazaji alikwisha kusema kwamba hiyo ni zilipendwa, akaingia kwenye tangazo la saruji. Nilimjibu, "Ni Mbaraka Mwinshehe, mama," lakini hasira niliyoondoka nayo haijaniisha mpaka leo.

Zilipendwa si jina la mtu. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944, akapata sifa akiwa na bendi ya Morogoro Jazz, akafika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na mwaka 1973 akaanzisha bendi ya Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Katika muda huo mfupi alitunga, akaimba na kupiga solo yeye mwenyewe, na yeyote aliyewahi kukaa na gitaa akajaribu kuzifuata nyimbo zake anajua kwamba solo ile haikuwekwa ili kumpumzisha mwimbaji. Inaitikia maneno, inayabishia, na chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea, linapofika ndiyo inayoamua wachezaji wakanyage vipi. Kazi ya namna hiyo hupangwa na kichwa cha mtu, haiokotwi njiani.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba redio ndizo zilizouweka wimbo huu hai, na kwamba bila vipindi vya Jumapili vijana wengi wa Nyamagana na Ilemela wasingeujua kabisa. Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo utunzi wa Mbaraka ungali mali yenye wenyewe, na mlango wa kwanza wa kuwatambua wenyewe ni kulitaja jina lake.

Baba yangu mdogo, aliyekaa Igogo, alikuwa na sheria moja juu ya santuri zake: hakuna iliyowekwa kwenye gramafoni kabla mtoto mmoja hajasoma kwa sauti jina la mtunzi lililochapwa kwenye kibandiko cha katikati. Nyingi zilikuwa zimetengenezwa Nairobi, kwa kuwa hapa kwetu hapakuwa na kiwanda, na herufi zake zilikuwa ndogo mno. Ukikosea kusoma, unarudia, na wote tunangoja. Mimi ndivyo nilivyojifunza kusoma, kabla sijaanza shule, na neno refu la kwanza nililolimudu bila kusaidiwa lilikuwa Mwinshehe.